Bibi Titi Mohamed: Mwimbaji wa Ngoma Aliyewaingiza Wanawake Chamani

Katika Kiswahili tunachozungumza Uvira, neno bibi humaanisha mke. Mwanamume wa kwetu Rugenge akisema kwamba bibi yake amekwenda sokoni, hakuna anayedhani anamtaja mama wa mama yake. Ni mke wake wa ndoa. Ndiyo maana mwanafunzi wa huku anapokutana kwa mara ya kwanza na jina la Bibi Titi Mohamed katika historia ya Tanzania, hujiuliza swali moja la kawaida kabisa: ni bibi wa nani?

Jibu la isimu ni rahisi. Katika Kiswahili sanifu bibi ni mama wa mzazi, na pia ni neno la heshima linalotangulia jina la mwanamke mtu mzima, kama bwana linavyotangulia jina la mwanamume. Lakini ukisoma maisha ya mwanamke huyu unaona kwamba swali letu la Uvira halikuwa la kipuuzi. Tangu utotoni watu walitaka kujua ni wa nani: ni binti wa nani, ni mke wa nani, na baadaye, ni mtu wa chama au msaliti wake. Makala haya yanasimulia maisha hayo, kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika bado tunaishi nalo. Jamii inaweza kuwaita wanawake waje kuibadilisha nchi, kisha ikashtuka pale mabadiliko yanapotaka kuingia nyumbani na katika uongozi.

Kuzaliwa, shule na ndoa ya kwanza

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya kusini, kwa Wamatumbi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mama yake mkulima. Tanganyika wakati huo ilikuwa mikononi mwa Waingereza, waliokabidhiwa baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Shule za wasichana Waafrika zilikuwa chache, na familia nyingi za Kiislamu za pwani ziliziogopa, kwa kuwa elimu ya kizungu na Ukristo vilikuwa vimezoea kuja pamoja. Titi alipata bahati ya kusoma, lakini aliishia darasa la nne.

Alipobaleghe, mambo yake yalifuata desturi ya mji. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, akangoja mchumba. Titi aliozwa akiwa na umri wa miaka 14 kwa mwanamume aliyemzidi sana kwa umri. Alizaa mtoto wa kike, na ndoa hiyo ikavunjika. Kwa hiyo kabla ya kufika miaka 20 alikuwa amekwisha kuwa mwari, mke, mama na mtalaka. Hakuna lililokuwa la ajabu katika hayo. Wanawake wengi wa Dar es Salaam walikuwa na historia kama hiyo. Mtalaka wa mjini alikuwa na uhuru fulani ambao mke hakuwa nao: aliweza kupanga chumba, kuuza vitumbua au pombe ya kienyeji, na kutoka jioni bila kuomba ruhusa. Lakini alikuwa pia mtu wa kutazamwa kwa jicho la shaka.

Ngoma kama shule

Jioni hizo wanawake walikwenda kwenye ngoma. Msomaji wa leo akisikia neno ngoma huenda akafikiria burudani tu. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa pwani, vya lelemama na vya aina nyingine, vilikuwa vyama kamili. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo, ada, sare, na wajibu wa kusaidiana katika harusi na misiba. Vilishindana kwa mavazi na kwa mashairi. Mwimbaji hodari aliweza kumsema mtu hadharani bila kumtaja jina, na kila aliyesikiliza akajua nani kasemwa.

Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Alijulikana pia kwa kusoma maulidi. Sauti yake ilikuwa inajulikana mjini kabla siasa haijamjia.

Kwa mtu anayesoma lugha za Kiafrika, vikundi hivi vina jambo la kuvutia sana. Wanachama wake walikuwa Wazaramo, Wamatumbi, Wanyamwezi, Wamanyema waliotoka upande wetu wa ziwa, na wengine wengi. Hawakuunganishwa na kabila wala ukoo. Waliunganishwa na mtaa, na Uislamu kwa wengi wao, na lugha moja ya kuimbia. Wanasiasa waliosoma walikuwa wakitafuta namna ya kujenga taifa lisilofuata kabila. Wanawake wa ngoma, wengi wao bila kusoma, walikuwa tayari wanaishi hivyo kila wiki. Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani aliyezungumza kwa miaka na wanawake hao na kutoa kitabu juu yao mwaka 1997, alilisisitiza sana jambo hili: wanawake hawakufundishwa utaifa na chama, bali walikuja nao chamani.

Mwaka 1955

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na Julius Nyerere akiwa kiongozi wake. Mwanzoni kilikuwa chama cha wanaume. Mume wa Titi wa wakati huo, Boi Selemani, dereva wa teksi, alijiunga mapema, na Titi naye akachukua kadi yake. Kadi ya mwanamke mmoja haikutosha kubadilisha sura ya chama. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Leba cha Uingereza, John Hatch, aliitembelea Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Wanaume walijikuta hawana jibu la kuonyesha. Wakamtafuta Titi.

Mwezi wa Julai 1955 wanawake wapatao 400 walikutana katika ukumbi wa Arnautoglu, na Titi akawa kiongozi wa kitengo cha wanawake, akifanya kazi na wenzake kama Tatu binti Mzee. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Mtu anaweza kushangaa: mwanamke wa darasa la nne, asiyewahi kuhutubia mkutano wa siasa, anapataje watu 5,000 katika miezi mitatu?

Njia yake ilikuwa ya mtu anayeujua mji. Hakuanza na mikutano ya hadhara. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, na kwa wauzaji wa pombe na vyakula. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi chote kilikuja, kwa kuwa mazoea ya kuitana, kuchangishana na kutunza siri yalikuwepo tayari. Nyimbo zikabadilishwa maneno, sare zikavaliwa kwenye mikutano ya chama, na michango iliyokuwa ya harusi ikawa ya safari za viongozi. Katika muda mfupi chama cha makarani na walimu kikawa chama cha mitaa.

Titi mwenyewe alijifunza kuhutubia kwa kuhutubia. Alizunguka nchi pamoja na Nyerere na viongozi wengine, akasimama mbele ya umati wa wanaume na wanawake. Ujuzi wake wa ngoma ulimfaa. Alijua namna ya kuutupia umati neno na kungoja ulijibu, na kusema jambo zito kwa mzaha. Alizungumza Kiswahili cha uswahilini, bila kuchanganya Kiingereza ambacho hakukijua. Wapo waliokihesabu hicho kuwa upungufu. Katika siasa ya wakati ule kilikuwa nguvu, maana mama aliyekuwa akisikiliza chini ya mwembe hakuhitaji mkalimani.

Upinzani wa kwanza ulikuwa mlangoni

Wengi tukisimulia harakati za uhuru humtaja mkoloni kuwa mpinzani peke yake. Mkoloni alikuwepo: TANU ilinyimwa vibali vya mikutano, matawi yake yakafungwa katika sehemu kadhaa, na mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maafisa wa serikali akatozwa faini. Lakini mwanamke aliyetaka kwenda mkutanoni alikutana na mtu mwingine kabla ya polisi, naye ni mume wake. Wanawake waliozungumza na Geiger walisimulia jinsi walivyotoka kwa kisingizio cha msiba au harusi, jinsi waume walivyowakataza, na jinsi wengine walivyopewa talaka kwa sababu ya chama. Wapo waume waliokuwa wanachama wa TANU wenyewe na bado hawakutaka wake zao waonekane jukwaani. Uhuru wa nchi waliutaka, lakini waliogopa mkutano unaokwisha usiku.

Titi aliijua hofu hiyo, na alicheza nayo kwa akili. Hakuwaambia wanawake wawaache waume zao. Aliwaambia kwamba wao ndio mama wa nchi, kwamba hakuna kiongozi asiyezaliwa na mwanamke, na kwa hiyo hakuna uhuru usiowahusu. Ni hoja inayotumia heshima ya kale ya mama kuomba jambo jipya. Watetezi wa haki za wanawake wa leo wakati mwingine huiona hoja hiyo kuwa dhaifu, kwa sababu inamheshimu mwanamke kama mzazi kabla ya kumheshimu kama mtu. Upungufu huo upo. Lakini ndiyo hoja iliyofungua milango ya nyumba mwaka 1955, na aliyeitumia alikuwa mtalaka aliyejua vizuri kwamba umama peke yake hauilindi haki ya mtu.

Upande wetu wa ziwa

Wakati huo huo, mwendo mfupi kutoka Uvira, wanawake wengine walikuwa na vita vinavyofanana na hivyo. Serikali ya Kibelgiji, iliyotawala Kongo na Ruanda-Urundi, ilikuwa na kodi ya pekee kwa wanawake waliokaa mjini bila mume. Katika macho ya serikali, mwanamke asiye na mume mjini alikuwa mtu wa kutiliwa shaka, na kodi hiyo ilimpa jina ambalo mtu mwenye heshima hawezi kulikubali. Katika mtaa wa Buyenzi, Usumbura, ambao leo tunauita Bujumbura, wajane na watalaka Waislamu, watu waliozungumza Kiswahili kama wenzao wa Dar es Salaam, walisimama kuipinga kodi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikataa fedha, na walikataa pia jina waliloitwa.

Nimeitaja Buyenzi kwa sababu moja. Historia hutupa jina la Bibi Titi, na majina ya wale wa Buyenzi hayajulikani na wengi wetu. Tofauti haikuwa ushujaa. Dar es Salaam kulikuwa na chama kilichohitaji umati, kikamtafuta mwimbaji aliyeweza kuuleta. Usumbura wanawake walisimama kabla chama hakijawahitaji. Hapo tunaona nguvu ya Titi na pia udhaifu wa nafasi yake: sauti yake ilipata jukwaa kwa kuwa wanaume wa chama walikuwa na haja nayo. Haja ikipungua, jukwaa nalo hupungua.

Baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata vikundi vya wanawake viliunganishwa katika Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuanzisha umoja wao wa bara zima. Tarehe 31 Julai bado huadhimishwa kuwa Siku ya Wanawake wa Afrika. Titi aliingia bungeni, na akawa naibu waziri aliyeshughulikia maendeleo ya jamii. Msichana aliyeozwa akiwa na miaka 14 sasa alikuwa miongoni mwa wanaoiongoza nchi.

Lakini kazi ya wanawake katika chama ilikuwa imeanza kubadilika. Kabla ya uhuru waliitwa kuja kusimama barabarani. Baada ya uhuru walishauriwa zaidi kushona, kupika chakula bora, kutunza watoto na kuhudhuria masomo ya watu wazima. Hayo ni mambo mazuri, na Titi aliyapigania mwenyewe. Hata hivyo maswali ya ndoa, talaka, mirathi na mali yaliendelea kuitwa mambo ya nyumbani, ya dini au ya mila. Wanawake waliosoma nao walianza kushika nafasi katika umoja huo, na lugha ya ofisi ikawa Kiingereza zaidi ya ile ya ngoma. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Titi aligombea Rufiji akashindwa. Alibaki katika uongozi wa chama na wa UWT, ila ardhi ilikuwa inapungua chini ya miguu yake.

Nyumba za kupangisha

Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na hapa maisha ya Bibi Titi yanakuwa magumu kuyasimulia kwa sifa tupu. Azimio lilitangaza ujamaa na kujitegemea. Liliweka pia masharti ya uongozi: kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, na asiwe na nyumba za kupangisha. Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alikataa kuziacha, akajiuzulu uongozi.

Anayetaka kumhukumu ana hoja. Nchi ilikuwa maskini, na viongozi wake walikuwa wameanza kutajirika haraka. Masharti yale yaliwapa wananchi wengi matumaini, na mtu aliyewaahidi usawa jukwaani alipaswa kuwa wa kwanza kuyakubali. Kwa macho hayo, mama wa mabadiliko aliyapinga mabadiliko yalipomgusa mfukoni.

Lakini tuifikirie nyumba yenyewe. Mwanamke wa mjini pwani alikuwa na njia chache za kujiwekea akiba. Hakuwa na pensheni, na kazi ya ofisini hakuipata kwa elimu ya darasa la nne. Talaka iliweza kumkuta siku yoyote, na ilipomkuta aliondoka na nguo zake na vyombo. Chumba cha kupangisha kilikuwa bima yake, na wanawake wengi wa Dar es Salaam walijinyima miaka mingi ili wajenge kimoja au viwili. Sharti lililoandikwa kumzuia mwanamume mwenye mshahara mkubwa asiwe pia mwenye majumba lilimkuta mtalaka ambaye nyumba ndiyo kila kitu chake. Mwenye mshahara akiacha nyumba anabaki na mshahara. Mtalaka akiiacha hubaki na nini, uongozi ukimtoka kesho?

Sisemi kwamba hoja hii inamfutia Titi lawama zote. Nasema kwamba waliotunga masharti walimfikiria mwanamume, na mwanamke aliyeyakataa akaonekana mchoyo tu. Ni jambo linalotokea mara nyingi pale mabadiliko mema yanapoandikwa bila kuuliza yatamkutaje asiyekuwa na kinga ile ile.

Kizimbani

Mwezi wa Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa, pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri, na maafisa wa jeshi. Walishtakiwa kwa kula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa amekimbilia Uingereza, alitajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika nchi hiyo. Titi alikana. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Wakati wa misukosuko hiyo mume wake wa wakati huo alimpa talaka, na watu wengi waliokuwa wakipiga hodi nyumbani kwake waliacha kupita njia ile. Mwaka 1972 Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani.

Kilichotokea nchini katika miaka hiyo kinaeleza mengi. Mwishoni mwa 1968 vijana wa TANU walitangaza operesheni ya kupiga marufuku minisketi na mavazi mengine waliyoyaita ya kigeni, na wanawake wakawa wanasimamishwa barabarani kwa ajili ya nguo zao. Mwaka 1969 serikali ilitoa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, na mjadala ukawa mkali. Wanaume wengi walilalamikia hasa wazo kwamba mke mkubwa aulizwe kabla mume hajaongeza mke. Sheria ya Ndoa ilipitishwa mwaka 1971. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, iliyotambua mchango wa mke katika mali ya nyumba. Lakini umri wa msichana kuolewa uliwekwa miaka 15, na mahakama ikapewa nafasi ya kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14.

Miaka 14 ndio umri alioozwa Titi. Sheria hiyo iliandikwa wakati mwanamke aliyewaingiza wanawake chamani yumo gerezani. Vifungu hivyo vya umri vilikaa muda mrefu, hata baada ya kifo chake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba vinakwenda kinyume cha katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Kurudi kimya kimya

Baada ya gereza Bibi Titi aliishi kwa utulivu Dar es Salaam. Kwa karibu miaka 20 jina lake halikutajwa sana hadharani. Watoto wa shule walisoma historia ya uhuru iliyojaa majina ya wanaume, na mwanamke aliyejaza viwanja vya mikutano hakuonekana. Mwaka 1991, Tanzania ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja tena kuwa shujaa wa harakati hizo. Kitabu cha Geiger kiliimarisha kumbukumbu hiyo, kwa kuwa kilitoa maelezo yake mwenyewe na ya wenzake.

Bibi Titi Mohamed alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na mamilioni ya abiria wameipita wakilitaja kwa konda bila kujua habari hizi.

Maswali yanayobaki kwetu

Nilizaliwa yeye akiwa ameshafariki. Namsoma kama mtu wa zamani, lakini mambo aliyogombana nayo si ya zamani. Katika nchi yetu, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume wake kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga, kama vile kutia sahihi mkataba. Takwa hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Mama aliyekuwa akiendesha biashara ya dagaa au ya vitenge, akilisha nyumba na kulipa ada za shule, alikuwa katika karatasi za sheria kama mtoto mbele ya mumewe. Sheria imebadilika. Nyumba nyingi hazijapata habari.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna kazi yetu hapa. Wanaharakati wakija kuhutubia juu ya usawa, mara nyingi hutumia Kifaransa au Kiswahili cha semina, chenye maneno marefu yaliyofasiriwa ofisini. Watu hupiga makofi, hupokea soda, hurudi nyumbani. Neno ufeministi halikuwa katika Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam mwaka 1955, na mabadiliko yalianza bila hilo, kwa nyimbo ambazo watu walizijua na kwa vyama ambavyo walikuwa wamevijenga wenyewe. Huku kwetu tuna likelemba za akina mama sokoni, tuna kwaya, tuna vikundi vya harusi na vya misiba. Vina viongozi, michango, siri na lugha yao. Ni wangapi kati yetu wameketi kusikiliza lugha hiyo na kuiandika, kabla hatujaenda kuwafundisha wenyewe?

Na lile neno bibi? Katika Kiswahili cha Uvira litaendelea kumaanisha mke, na hakuna ubaya, kwa kuwa lugha ni ya watu. Mtu akiniuliza sasa Titi alikuwa bibi wa nani, nitamweleza matumizi ya neno hilo Dar es Salaam. Kisha nitaongeza kwamba aliolewa zaidi ya mara moja, akaachwa, akafungwa, na jina aliloingia nalo kaburini lilikuwa lile lile alilokuwa nalo ngomani kabla chama hakijamtafuta.